Mizinga ya Barabara ya Ipole

Emilian alikuwa mrina asali hodari. Kijiji chao kilikuwa kando ya barabara ya kutoka Sikonge kwenda Ipole. Mkewe, Dafrosa, alilima tumbaku na kuongoza kikundi cha akina mama. Jioni walipokula ugali na uyoga, mazungumzo yalirudi kwenye jambo lile lile: daraja. Kila masika korongo lilijaa, na wajawazito wakakwama ng'ambo. Mdogo wake Dafrosa alifia huko, juu ya baiskeli, akipelekwa kujifungua.

"Mwaka huu nagombea udiwani," Dafrosa alisema. "Nimechoka kuzika."

Furaha ilimlevya Emilian. Alichukua rangi nyeupe, akaandika kwenye mizinga yake mipya: KURA KWA DAFROSA, DIWANI WETU. Akaitundika kwenye miti ya barabarani. Dafrosa alipoiona alicheka.

"Haya, Baba Julieth! Umeshanifanya mheshimiwa!"

Baada ya muda nyuki waliingia mizingani.

Siku moja Advera alipita kwa pikipiki. Huyu binti alifundisha elimu ya mpiga kura vijijini. Aliyaona maandishi, akasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mizinga hii ni yako?"

"Yangu. Na huyo diwani ni mke wangu."

"Baba, futa maandishi leo leo. Hiyo ni kampeni, na muda wa kampeni bado. Kwanza mgombea ateuliwe. Halafu kampeni zianze siku iliyotangazwa na Tume ya Uchaguzi. Mkitangulia, mtu anaweza kumwekea pingamizi, jina likakatwa."

"Lakini hakuandika yeye. Nimeandika mimi, kwenye mzinga wangu."

"Umeandika kwa ajili yake, na yeye anajua. Hilo linatosha kumponza."

Emilian alitazama juu. Nyuki walivuma. Asali ilikaribia kuiva, na kuwasumbua wakati ule ni kuwafukuza.

"Nikishamaliza kurina, nitafuta," alisema.

Nyumbani hakusema neno. Ndivyo alivyo mwanamume akishajua kwamba mkewe atamwambia apande mtini saa hiyo hiyo.

Chama kilimpitisha Dafrosa, naye akarudisha fomu ya uteuzi. Mpinzani wake, Wilbroad, aliweka pingamizi kwa msimamizi wa uchaguzi. Alipeleka picha za mizinga. Jina la Dafrosa likakatwa.

Advera alikuja mbio. "Mama Julieth, una haki ya kukata rufaa. Ila ina muda wake, usichelewe."

Dafrosa alikata rufaa mapema. Lakini picha zilikuwa za kweli. Rufaa ikashindwa.

Usiku ule Emilian alishindwa kula. "Yule binti alinionya," alisema.

"Alikuonya?"

"Ndiyo."

"Ukanyamaza, kwa sababu ya asali."

Hakumgombeza. Alilia tu, akiwa amegeukia ukutani, na Emilian akaona heri angemtukana.

Kulipokucha alipanda miti, akafuta maandishi yote. Nyuki walimuuma hadi uso ukavimba. Haikusaidia kitu.

Tangu hapo alifuatana na Advera vijijini. "Subirini uteuzi," aliwaambia watu. "Subirini siku ya kampeni. Msigawe zawadi za kuombea kura. Na ukionywa, mwambie mwenzio."

Mwaka uliofuata nafasi ya mwenyekiti wa kijiji ikawa wazi. Apolinaria, wa kikundi cha akina mama, akaitaka. Mumewe alitaka kumshonea fulana za kampeni mapema. Emilian alimfuata hadi nyumbani, akamzuia. Apolinaria alisubiri muda wake, akaomba kura, akashinda. Hakuna aliyemwekea pingamizi.

Watu walicheza. Wengi walimshika Emilian mkono, wakamshukuru. Njiani kurudi alijikaza akauliza:

"Mama Julieth, utagombea tena?"

"Nitagombea, muda ukifika." Dafrosa hakumtazama. "Lakini wajawazito hawasubiri uchaguzi, Baba Julieth."