Konzi Mbili za Majani

Kila asubuhi Kozue aliweka kibakuli cha wali wa moto mbele ya picha ya marehemu babu yake, akagonga kengele ndogo, akainama, kisha akala na kwenda shule. Lakini asubuhi hiyo ya tarehe nane Aprili hakula hata punje. Alikuwa na kazi kubwa hekaluni.

Ilikuwa siku ya kuzaliwa Buddha. Siku hiyo watu wa kijiji cha Narasawa hupamba kijibanda kwa maua, na kusimamisha ndani yake sanamu ndogo ya Buddha mtoto, mkono mmoja ukionyesha juu na mwingine chini. Kila mtu huimwagia sanamu hiyo chai tamu kwa upawa, kisha hunywa kikombe chake. Chai yenyewe haitiwi sukari. Utamu ni wa majani, na kwa vizazi vitano imepikwa na wanawake wa nyumba ya akina Kozue. Mwaka huu Bibi Tome aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono, na zamu ikamwangukia mjukuu wake wa miaka kumi na miwili.

"Konzi mbili kwa sufuria nzima," Bibi alimwambia. "Mbili tu. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Umesikia kwa masikio au kwa kichwa?"

"Kwa vyote viwili!"

Jikoni mwa hekalu, Mama Fusae, mke wa mtawa mkuu, kwani watawa wa huko huoa, alimwashia moto akaenda kupanga maua. Kozue alitia konzi mbili, akachemsha, akaonja. Aliona kama maji matupu. Hapo akaingia Tatsuhei, mwanafunzi mwenzake, amebeba kuni. Bila kuomba ruhusa akachota akaonja.

"Eti hii ndiyo chai? Mbona kama maji ya kuoshea bakuli?"

"Toka hapa!"

"Natoka. Ila ya bibi yako ilikuwa tamu, bwana. Hii watu watainywa kwa kukuonea huruma."

Kwa kweli chai ile haina haraka. Majani hutaka muda, na utamu wenyewe huja ulimini ukiwa umekwisha kumeza. Kozue hakusubiri. Alichota konzi ya tatu, ya nne, ya tano, hata mfuko ukabaki mtupu. Zilikuwa konzi nane. "Leo watasema nimempita Bibi," akajisemea.

Na kweli walisema. Mzee Kinpei, mpiga kengele, alikunywa funda moja akafumba macho. "Hee! Tamu hii! Mwambie bibi yako apumzike sasa." Kilikuwa kilemba cha ukoka, lakini Kozue alikivaa na kichwa kikavimba. Tatsuhei naye alikunywa vikombe vitatu. "Haya, nimeshindwa," alisema. "Ongeza."

Haikupita nusu saa, tumbo la Kozue, aliyekuwa akionja na kuonja, likaanza kuchafuka. Alidhani ni njaa. Alipokwenda kuteka maji, akamkuta Tatsuhei nyuma ya kibanda cha kengele, ameinama, anatapika.

"Umekula nini wewe?"

"Sijala kitu," Tatsuhei alijibu huku akijifuta mdomo. "Nimekunywa chai yako tu."

Sasa Kozue alikumbuka jambo ambalo Bibi aliwahi kulisema wakianika majani: yakizidi, hugeuza tumbo, na watoto ndio huumia kwanza.

Alikimbia kurudi uani. Pale langoni watoto wa chekechea walikuwa wakiingia, ishirini na wawili, wamevaa kofia za karatasi na kuimba kwa sauti kubwa. Vikombe vyao vilikuwa tayari vimejazwa, vimepangwa kwenye sinia. Kozue aliwaza: angeweza kujikwaa makusudi, sinia na sufuria vikapinduka, na hakuna ambaye angejua. Jina la nyumba yao lingebaki safi. Lakini tayari Mama Fusae alikuwa amemnyooshea mtoto wa kwanza kikombe.

"Msinywe!" Kozue alipiga kelele. "Mama Fusae, wazuie! Chai itawatapisha! Niliambiwa konzi mbili, mimi nimetia nane!"

Mama Fusae akakirudisha kikombe upesi. Mzee Kinpei alishika tumbo lake. "Kumbe ndiyo maana linaimba," alisema, lakini hakuna aliyecheka. Mama mmoja akanong'ona, "Vizazi vitano, leo mambo ndiyo yamefika hapa?" Kozue aliinamisha kichwa, machozi yakimdondoka.

Bibi Tome, aliyekuwa amefika muda si mrefu kunywa chai, aliinuka kwenye benchi, mkono umefungwa plasta. "Konzi nane kwa sufuria moja? Basi mnaangalia nini? Leteni sufuria nyingine tatu, na maji ya moto!"

Wanawake wakakimbia. Chai ya sufuria moja ikagawanywa katika nne, zikajazwa maji. Wakati huo mtawa aliwaambia watoto waimwagie sanamu ile chai kali iliyokuwa vikombeni. "Yeye ni wa shaba," alisema, "hana tumbo." Hapo watu wakacheka. Bibi alionja chai mpya, akameza, akasubiri kidogo. "Ndiyo hii," alisema. Watoto wakanywa, wakaomba tena, na hata wazee wasioweza kutoka nyumbani wakapelekewa yao.

"Bibi, nimeiaibisha nyumba yetu," Kozue alisema.

"Kaa hapa," Bibi alimwambia. "Wewe unadhani sifa yetu ni utamu? Sukari ya dukani ni tamu kutushinda. Sifa yetu ni kwamba kwa vizazi vitano watu wa kijiji hiki wanapokea kikombe mikononi mwetu na kunywa bila kuuliza. Ulikaribia kuitupa sifa hiyo kwa kutaka kusifiwa. Umeiokoa kwa kusema kweli mbele ya watu wote, nami ninajivunia hilo. Kosa likisemwa mapema lina dawa. Likifichwa, huzaa. Mwakani mkono wangu utakuwa umepona, lakini chai utapika wewe."

Kisha akanyoosha kikombe kwa mkono wake mzima. Kozue alimmiminia. Bibi hakunusa wala hakuonja kwanza. Alikunywa chote kwa mkupuo mmoja.