Midomo ya Babu Fundi

Fundi cherehani huyu ana mikono miwili kama watu wengine, lakini akiwa kazini hutumia na mdomo. Pini huzibana kwa midomo, tatu au nne kwa mpigo. Ncha ya uzi huilamba kabla ya kuitunga kwenye sindano. Uzi ukizidi, huukata kwa meno, na mkasi upo palepale mezani. Amefanya hivyo miaka arobaini. Mke wake alishachoka kumwambia.

Anashonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Kila siku mjukuu wao, Kidoti, huachwa hapo mpaka mama yake atoke kazini. Ana miaka minne na maneno ya mtu mzima. Hushinda chini ya meza ya kukatia, akichagua vipande vya vitambaa. Jioni, kabla hajaondoka, babu yake humwinamia na kumbusu shavuni. Fundi huipenda saa hiyo kuliko zote, ingawa hasemi.

Jua lilipozidi kuwa kali na hewa kukauka, midomo ya fundi ilitoka magamba, kisha ikapasuka. Jioni moja alipombusu Kidoti, mtoto alirudi nyuma akajifuta shavu.

"Babu, mdomo wako unakwaruza," alisema.

Watu wazima wote walicheka. Fundi naye alicheka, lakini maneno yale yalimchoma. Kesho yake alijifanya ana shughuli, akampungia Kidoti mkono tu. Siku iliyofuata, hivyo hivyo. Ilimuuma sana, basi akaamua kujitibu mwenyewe.

Alichukua chumvi na mswaki mgumu, akaisugua midomo kama anayesugua sufuria iliyoungua. Magamba yalitoka kweli, na damu pia. Asubuhi midomo ilikuwa imevimba, hata chai haikunyweka.

Siku hiyo jirani yao mfamasia alikuja kufuata koti lake la kazini. Alimwamkia mzee, akamtazama usoni, akasahau habari ya koti.

"Mzee, nani amekupiga?"

"Kajipiga mwenyewe," mke wa fundi alijibu kutoka jikoni. "Kwa mswaki."

Mfamasia aliketi. Aliuliza kama kuna malengelenge au usaha. Havikuwepo. Akaeleza kwamba ngozi ya midomo ni nyembamba, haina mafuta yake kama ngozi ya uso. Mate yakikauka juu yake huondoka na unyevu. Ndiyo maana kadiri mtu anavyoilamba midomo, ndivyo inavyozidi kukauka.

"Kwa hiyo nisisugue tena, mwanangu?"

"Kwa sasa, hapana. Penye kidonda hapasuguliwi. Paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, asubuhi, baada ya kula na unapolala. Kunywa maji ya kutosha. Ukitoka juani vaa kofia. Gamba likining'inia usilivute, liache litoke lenyewe."

Nyufa zikishafunga, aliendelea, alainishe midomo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Achanganye sukari laini kidogo na asali, asugue taratibu kwa ncha ya kidole kwa nusu dakika, asuuze, kisha apake mafuta. Mara moja kwa wiki inatosha. Wiki mbili zikipita bila nafuu, au malengelenge yakitokea, aende zahanati.

Fundi aliitikia kila neno. Kisha akavuta lile koti amalizie upindo, akaweka pini tatu mdomoni.

Mfamasia alimkingia kiganja kama anavyokingiwa mtoto aliyeokota kitu.

"Toa, mzee."

Fundi akazitoa, moja moja, kwa aibu.

"Unajichoma kutwa nzima, halafu unaulaumu ukavu," mfamasia alisema. "Na siku moja utameza pini."

Mchana huohuo mke wa fundi alimshonea mumewe mto mdogo wa pini, akamfunga mkononi kama saa. Karibu na cherehani aliweka kisahani chenye sponji mbichi, cha kulowanishia uzi. Siku za kwanza mkono wa fundi uliendelea kupanda mdomoni wenyewe. Kila ulipopanda, mke wake alikohoa, na mzee akaushusha.

Nyufa zilifunga baada ya siku kumi. Mke wake alimchanganyia sukari na asali. Ya kwanza fundi aliilamba yote, ikabidi achanganyiwe nyingine. Aliposuuza na kupaka mafuta, midomo ilikuwa laini.

Hata hivyo, jioni ile Kidoti alipokuwa akiondoka, fundi alisita. Aliogopa busu lake kufutwa tena. Akainua mkono ampungie, kama alivyozoea siku hizi.

Kidoti hakutoka. Alisimama mlangoni, amemshika mama yake sketi.

"Babu, bado umenikasirikia?"

Fundi alipigwa na butwaa. Kumbe siku zote hizo mtoto alidhani amekosa. Alipiga magoti mbele yake.

"Sijakukasirikia hata siku moja, mjukuu wangu. Nilikuwa naumwa mdomo. Niliogopa kukukwaruza."

"Nilisema unakwaruza," Kidoti alijibu. "Sikusema uache."

Fundi alimbusu. Mtoto akageuza shavu la pili.