Gilasi ya Nelius

Haya yalimpata rafiki yangu Nelius, mwalimu wa Kibugu, na Nelius si mtu wa kuongeza chumvi.

Akiokota kuni kando ya msitu, aliona uyoga mdogo umeota kwenye gogo lililoanguka. Akauchuma apate kujua ni wa aina gani. Nyumbani akaulaza juu ya karatasi nyeupe, akaufunika kwa gilasi aliyotoka kuiosha. Uyoga ukiachwa hivyo hudondosha unga, na rangi ya unga huo ndiyo huutambulisha.

Giza likaingia, stima ikapotea. Akiwa jikoni anakoroga uji, akasikia gilasi ikigongwa sebuleni: ti, ti, ti.

"Baba Karimi, si nilikuambia usiguse uyoga wangu?"

"Niko huku nje nakamua!" mumewe akajibu kutoka zizini.

Nelius hakumwamini, anaijua mizaha yake. Akachukua tochi, akainamia gilasi kutafuta alama za vidole, amshike na uongo wake. Alama zilikuwepo, tano, ndogo, za unga wa kahawia. Akazipangusa kwa leso, hazikufutika.

Zilikuwa upande wa ndani.