Sekunde Tisini za Kalunde

Kufikia saa nne asubuhi, mashine iitwayo Mpimasababu ilikuwa imekwisha kuamua maombi ya watu sabini. Ilikuwa nguzo nyeupe, ndefu kama mtu, katikati ya ukumbi wa ofisi ya kodi ya jiji la Tabora. Kazi yake ilikuwa kupima kama aliyechelewa kulipa kodi alikuwa na sababu ya kusamehewa adhabu. Ilisoma kumbukumbu za hospitali, za safari, hata za mvua, na hakuna aliyeweza kuipenyezea bahasha. Watu waliipenda.

Wa sabini na moja alikuwa Kalunde Mihayo, mhandisi wa mitambo ya jua. Alikuwa amepelekwa kwenye kituo cha angani kwa miezi miwili tu, lakini chombo cha kumrudisha kikaharibika, akakwama huko miezi kumi na minne. Karakana yake ikapitwa na tarehe ya kodi, adhabu na riba zikapanda mpaka zikaizidi kodi yenyewe. Asiposamehewa, karakana ingefungwa na mafundi wake tisa wangekosa kazi.

Nyuma yake aliketi mama yake, Bi Nyamizi, amempakata Wande, binti ya Kalunde, mwenye mwaka mmoja na miezi tisa. Tangu Kalunde arudi, wiki tatu sasa, mtoto alikuwa akimkimbia kama mgeni.

"Kodi yenyewe nitalipa leo, yote," Kalunde aliiambia mashine. "Naomba kufutiwa adhabu na riba. Nilikuwa angani."

"Nimethibitisha," Mpimasababu ikajibu. "Lakini kila siku ulipewa sekunde tisini za kuzungumza na dunia. Ujumbe mmoja wa kuomba muda ungetosha. Ulituma mia nne na ishirini na moja, na hakuna hata mmoja uliokuja hapa. Uwezo ulikuwa nao. Ombi limekataliwa."

Sheria ilimpa haki ya kusikilizwa na binadamu. Akaitwa Bwana Erasto Komba, ofisa mwandamizi, akatoka chumbani mwake miwani ikiwa juu ya paji la uso.

"Hizo sekunde, dada yangu, ulizungumza na nani?"

"Na mwanangu."

"Zote?"

"Zote, mzee. Siwezi kusema uongo. Kodi niliisahau kabisa."

Bwana Komba akafikiri. "Unaridhia tusikie ujumbe mmoja?"

Kalunde akaitikia kwa kichwa. Sauti yake ikatoka ndani ya nguzo, imekwaruzwa na umbali: "Wande, mama hapa. Leo nimeliona Ziwa Tanganyika lote kwa mara moja, jembamba kama jani la mhindi. Haya, tuimbe. Kifaranga kimelowa, kifunike, kifunike..."

Wande akateleza kutoka mapajani mwa bibi yake. Akakimbia moja kwa moja hadi kwenye nguzo, akaikumbatia kwa mikono yote miwili.

"Mama!"

Bi Nyamizi akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kila jioni tulikuwa tukimfungulia redio," akasema. "Mama anayemjua ndiye huyo."

Kalunde akapiga magoti sakafuni, hatua mbili kutoka kwa mtoto, akaudaka wimbo. Wande akamtazama yeye, akaitazama nguzo, akamtazama tena. Ujumbe ukakatika, wimbo ukaendelea. Mtoto akaiachia nguzo, akaja polepole, akaigusa midomo ya Kalunde kwa vidole vyake kuhakikisha kwamba sauti inatoka humo. Kisha akacheka kicheko kikubwa, akajitupa kifuani pake.

"Kifunike!" akapaza sauti, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Nina watoto wanne," Bwana Komba akasema. "Ningekuwa mimi, nami ningeisahau kodi. Mpimasababu, futa adhabu, futa na riba."

"Niandike sababu gani?" mashine ikauliza. "Kwenye orodha yangu haimo."

"Andika kwamba alikuwa akilea."

Kalunde hakuinuka, maana Wande alikuwa ameanza kusinzia begani mwake. Bwana Komba akachuchumaa na kibao cha malipo, akamshikia, naye Kalunde akalipa kodi yote kwa mkono mmoja, machozi yakimtiririka huku anacheka.