Sufu Dohanini

Haya yalimpata rafiki yangu Nerys, nyumbani kwake Wales. Meko ya sebuleni yalikuwa hayajawashwa miaka kumi, na joto lote la nyumba lilitorokea dohanini huku bintiye mchanga akikohoa.

"Dohani lazima ipumue, mpenzi," alisema mumewe, Gwilym, kama babake alivyokuwa akisema.

"Tangu lini matofali yana mapafu? Unawaotesha moto kunguru wa paani, mwanao anaganda! Kunywa chai yako, bwana mkubwa."

Nerys akapiga magoti mekoni, akasukuma furushi la sufu ya kondoo juu gizani ili azibe dohani. Masizi yakadondoka, kisha kimya. Sufu ikakwama. Akaiachia, apumzishe mkono.

Ndipo ikaanza kupanda yenyewe, taratibu, kama blanketi linalovutwa na mtu aliyelala.