Sahani ya Mama Tunu

Sogeeni karibu, wanangu. Wewe uliye nyuma, toa kidole mdomoni. Haya, sikilizeni.

Huko Tabora, nyuma ya reli, palikuwa na msichana mdogo. Jina lake Siwema. Alikuwa na miaka sita na pengo la meno mawili.

Siwema aliishi na bibi yake, Bibi Nyamizi. Chumba kimoja, kitanda kimoja, mapenzi tele.

Kila mwezi guta la matairi matatu lilikuja mtaani. Tii, tii! Lilileta chakula cha msaada kwa wazee. Bibi alipata unga mweupe wa sembe, akapata mchele, akapata na sukari.

Bibi alishukuru sana. Bila guta lile wangelala njaa, na huo ndio ukweli.

Lakini Bibi alikuwa mgonjwa. Alikuwa na kisukari. Miguu yake ilikufa ganzi, na uchovu haukumwacha.

Nesi wa zahanati alimpa dawa. Akamwambia aache chai ya sukari, apunguze ugali wa sembe, ale mboga za majani kwa wingi. Bibi akaitikia vizuri: ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu.

Njiani akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Guta halileti majani, alisema, na sokoni majani hayagawiwi bure.

Basi wakala walichokuwa nacho. Asubuhi chai ya sukari, mchana ugali mweupe. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Usiku Siwema alidai hadithi. Bibi akaanza vizuri tu. Sungura alikuwa anarudi kwao. Akafika mtoni. Akatia mguu majini...

Khoroo. Khoroo. Bibi amelala.

Usiku wa pili vilevile. Sungura, mto, mguu majini. Khoroo, khoroo.

Siwema alimhurumia Sungura. Maskini, mguu wake ulikuwa umelowa tangu mwezi uliopita!

Lakini Siwema alimwonea Bibi huruma zaidi. Aliingiza mikono chini ya shuka, akaigusa miguu yake. Bibi hakujua hata kama ameguswa. Siwema akaogopa. Je, Bibi asipopona?

Sasa, jirani yao alikuwa Mama Tunu, mpika maandazi. Mama Tunu alikuwa na maneno mengi na moyo mkubwa, na vyote viwili vilifanya kazi kutwa.

Kila Alhamisi aliwaletea maandazi. Aliyapanga juu ya sahani ya bati yenye maua mekundu. Ya moto, yananukia iliki.

Bibi aliyala. Kumkatalia jirani chakula ni aibu, alisema, na ugonjwa ni siri ya nyumba. Akamkanya Siwema: mambo ya ndani hayatoki nje.

Na mtaani kwao kuna desturi. Labda na kwenu ipo.

Sahani ya jirani hairudi tupu.
Imekuja na kitu, irudi na kitu.

Alhamisi moja Bibi alilala mchana kweupe. Sahani ilikuwa mezani, imeoshwa, inang'aa. Siwema akataka kuirudisha mwenyewe. Atie nini?

Akautazama unga. Akautazama mchele. Kisha akalitazama kopo la sukari, tena kwa jicho baya. Huyu ndiye anayemlaza Bibi hadithi haijaisha!

Akamimina. Shaaa! Sukari yote, kilima cheupe juu ya maua mekundu.

Akafunika kitambaa. Akatoka, chapu chapu, chapu chapu.

Mama Tunu akafunua sahani, akashangaa. Sukari yote hii? Akauliza Bibi atakunywa chai na nini.

Siwema akainamisha kichwa. Akaangalia vidole vya miguu yake. Mambo ya ndani hayatoki nje.

Lakini machozi hayakuwa yamekanywa. Yakatoka, na maneno yakafuata.

"Bibi anaumwa kisukari," alisema Siwema. "Miguu yake inakufa ganzi. Naogopa."

Mama Tunu akakaa kwenye kigoda, pu! Akayakumbuka maandazi yote ya Alhamisi zote. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Mama Tunu alikosa la kusema.

Kisha akainuka. Nyuma ya nyumba yake, pale anapomwaga maji ya vyombo, matembele yalikuwa yamejiotea. Majani teketeke ya viazi vitamu, mengi, hayana mlaji.

Akachuma, kacha, kacha, kacha. Akaijaza sahani mpaka maua mekundu yasionekane.

Sahani ya jirani hairudi tupu.
Imekuja na kitu, irudi na kitu.

Nyumbani, Bibi ameamka. Chai inachemka. Kopo la sukari liko mkononi mwake, na ndani hamna kitu.

Bibi alikasirika. Hakugomba, alilipindua kopo juu chini, akalitikisa. Siwema akaweka sahani ya majani mbele yake. Akaeleza yote, hata pale alipolia.

"Umekwenda kuomba?" Bibi aliuliza.

"Sikuomba, Bibi. Nilirudisha sahani."

Bibi akayatazama majani. Akamtazama mjukuu wake. Akamvuta kifuani, akambana mpaka Siwema akakosa pumzi.

Jioni walikula matembele mengi na ugali mdogo. Chai ilikuwa na tangawizi, bila sukari. Bibi akakunja uso, akasema hayo ni maji ya kunawia. Lakini alikunywa.

Kesho yake sahani ilikwenda kwa Mama Tunu na mchele. Ikarudi na mlenda. Ikaenda na unga. Ikarudi na mchicha.

Mama Tunu akamweleza pia Mzee Mlekwa, fundi baiskeli. Nani alimtuma? Hakuna. Lakini Mzee Mlekwa alikuwa na unga wa dona, usiokobolewa, na wajukuu zake walililia ugali mweupe. Akaleta bakuli la dona, akaondoka na bakuli la sembe. Kila mtu akafurahi, hasa wajukuu.

Mwezi ukaisha. Tii, tii! Guta likaja.

Foleni ilikuwa ndefu. Bibi Nyamizi akafika mbele, akamshika Siwema mkono. Akasema mbele ya watu wote kwamba anaumwa kisukari. Kama maharage yapo, apewe hayo badala ya sukari.

Maharage yalikuwepo! Siku zote yalikuwepo, ila hakuna aliyewahi kuuliza.

Bibi mmoja huko nyuma akanyoosha mkono. "Na mimi," alisema, polepole. Mzee mwingine naye akanyoosha. Kumbe walikuwa wengi, na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Basi Bibi akala maharage na majani. Akameza dawa zake. Kila jioni alitembea na Siwema mpaka relini na kurudi, wakizipungia treni mkono. Puuu!

Siku moja nesi akampima, akatabasamu. Ugonjwa haukwisha, lakini sukari ilikuwa imeshuka.

Usiku ule Siwema akapanda kitandani. Akadai hadithi.

Sungura alikuwa anarudi kwao. Akafika mtoni. Akatia mguu majini...

Siwema akasubiri khoroo. Khoroo haikuja.

"Akatia na mguu wa pili," alisema Bibi. "Akavuka. Akafika kwao, akapangusa miguu. Na mlangoni akakuta nini?"

"Sahani," alisema Siwema.

"Tupu?"

"Haiwezi kuwa tupu, Bibi!"

Bibi akacheka, kicheko chenye furaha. Siwema naye akacheka, pengo wazi. Kisha akaingiza mikono chini ya shuka, akaigusa miguu ya Bibi.

"Wewe mtoto," alisema Bibi, "mbona mikono yako ya baridi?"

Bibi amesikia! Siwema aliikumbatia ile miguu, akalala hapo hapo, upande wa miguuni.

Sungura amefika kwao, nasi tumefika. Fumbeni macho, wanangu. Na kesho, kama kuna sahani ya jirani nyumbani, mkumbusheni mama.