Kilio cha Bibi Yangu Kiliwekwa Kwenye Mchezo wa Vita

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nawaambia: mgeni njoo, mwenyeji aumbuke.

Nilikuwa nimesimama na jagi la maji ya barafu mkononi. Kwenye skrini kubwa ukutani, uwanja wa nyasi ulikuwa unawaka moto.

Ndani ya ule moto kulikuwa na mvulana. Wa miaka kumi hivi. Kabandikwa ndevu za uongo.

Mvulana akaanguka. Spika zikatoa kilio cha kufa.

Hakikuwa kilio cha mvulana...

Kilikuwa kilio cha bibi yangu.

Bibi Deolinda, mzaa mama, aliye hai mpaka leo, anafuga kuku wake huko mji wa Eusebio Ayala. Sauti yake. Kwikwi yake. Hata ile pumzi anayoivuta puani kabla ya kusema "mwanangu" kwa Kiguarani.

Na aliyemrekodi alikuwa amekaa pale pale mezani, anatabasamu, ananikonyeza.

Mchumba wangu.

Ngoja niwaeleze taratibu, maana nikikimbia mtapotea.

Naitwa Nimia. Kazi yangu ni maneno. Katika studio yetu ndogo ya michezo ya kompyuta hapa Asunción, Paraguay, kila askari anayefungua mdomo, mimi ndiye niliyempa ulimi. Nina stashahada yangu ya uandishi, na Kiguarani changu sijakiazima kwa mtu.

Mwenye studio ni Derlis. Ndiye huyo mchumba.

Tukapata mchongo. Kampuni moja ya Brazil ilitaka kugharamia mchezo mpya wa vita, ile michezo ya kupanga majeshi, kujenga ngome, kulisha askari. Sharti lao: vita viwe vya Paraguay, na tuvichague wenyewe.

Basi tukakaa kuchagua. Mnajua kelele za watu wanaochagua vita? Kama wanachagua kitambaa cha sare ya harusi.

Perla, fundi wetu wa sauti, akasema, "Vita vya Chaco, kwenye nyika kame. Kiu tupu. Mchezaji ana bunduki mia na hana maji. Agombanie kisima."

Mwingine akasema Humaitá, ngome ya mtoni, mnyororo umekatiza maji kuzuia meli.

Mimi nikasema, "Mbororé. Mwaka 1641. Mababu zetu Waguarani kwenye mitumbwi, wana mizinga ya mianzi iliyofungwa ngozi ya ng'ombe, wanawatandika wakamata watumwa mpaka wanakimbilia msituni."

"Mizinga ya mianzi?" Perla akacheka. "Shoga, si itawalipukia wenyewe?"

"Inapiga mara chache tu. Ndiyo utamu wake. Unapima lini uitumie."

Ndipo mtu mmoja pale mwisho wa meza akataja Acosta Ñu.

Perla akaacha kucheka.

Acosta Ñu ni vile vita vya Agosti 16, 1869. Wanaume wetu walikuwa wamekwisha. Wakapelekwa wavulana, wamebandikwa ndevu ili kwa mbali askari wa Brazil wadhani ni watu wazima. Mama zao wamejificha vichakani, wanatazama. Kisha uwanja ukachomwa moto. Leo tarehe hiyo ndiyo siku yetu ya watoto.

Nikasema, "Hapana. Vita vingine vimeshakufa, vinachezeka. Hivi bado vina wafiwa. Na mmoja wao ni bibi yangu."

Derlis akaniangalia kwa yale macho yake ya upole.

"Nimekuelewa, mpenzi. Mbororé imepita."

Nikampenda zaidi siku ile. Andikeni hapo chini kwamba mimi ni bwege, siwakatazi.

Jumapili moja baada ya hapo akaniambia twende kwa bibi. Tukafika. Akakunja mikono kifuani kuomba baraka, kama mtoto aliyezaliwa nyumba ile. Bibi akamwekea mkono kichwani, akambariki.

Tukala mbejú, mkate wa muhogo na jibini. Kisha Derlis akatoa kinasa sauti.

"Bibi, tusimulie habari za Rosalía."

"Unarekodi ya nini?" bibi akauliza.

"Ya vitukuu vyako, bibi. Wasije wakaikosa sauti yako."

"Basi subiri nivae meno."

Tukacheka wote. Bibi akavaa meno, akaanza.

Rosalía ni mama wa bibi yake bibi. Alimtengenezea mwanawe ndevu kwa nyuzi za mahindi, akazibandika kwa nta ya nyuki. Akamwambia, mwanangu, usicheke. Ukicheka zitadondoka.

Mtoto akacheka. Zikadondoka. Akambandika upya.

Hapo ndipo bibi hulia. Kila mara. Kama alivyolia bibi yake, naye kama alivyolia mama yake Rosalía. Kwetu hicho kilio kinarithishwa kama wengine wanavyorithishana ng'ombe.

Derlis alimshika mkono mpaka akanyamaza. Kinasa sauti kikiwa kimewashwa.

Sasa turudi ofisini.

Mgeni alikuwa Bwana Vilmar, mzee mwembamba kutoka Porto Alegre, mdomo mzito, kaja kuangalia kazi kabla ya kutia saini. Mimi nilikuwa nahudumia tereré: pembe moja ya ng'ombe yenye majani, bomba moja la kunyonyea, maji ya barafu, inazunguka mdomo hadi mdomo.

Derlis akasimama.

"Bwana Vilmar, Mbororé tumeiweka kando. Tuna kitu kitakachotikisa dunia."

Akawasha filamu. Mengine mmeshayajua.

Ila sijawaambia maandishi. Mvulana alipoanguka, yakatokea maandishi meupe: *Kikosi cha Watoto. Rahisi kuliko vikosi vyote. Wafie mbele, wakubwa wapite.*

Na ukimgusa yule mtoto kabla hajafa, anacheka, ndevu zinadondoka. Mchezaji anapata pointi.



Nikamtazama Perla. Alikuwa ameinamia kibodi.

"Derlis," nikasema, "njoo jikoni unisaidie barafu."

Jikoni nikamshika ukosi.

"Ile sauti ni ya nani?"

"Usianze, Nimia."

"Ya nani?"

"Sasa si unaijua? Tulijaribu waigizaji, wanalia kama wanakata vitunguu. Ya bibi ni halisi. Inasisimua."

"Inasisimua?"

"Nisikilize. Si mimi niliyetaka. Ni yeye." Akaelekeza kidevu ukumbini. "Kasema bila watoto hakuna mkataba. Wabrazil unawajua. Walituua kwa bunduki, sasa wanataka kutuona tena kwenye skrini. Tuvumilie. Tukishakuwa wakubwa tutafanya mambo yetu."

Nikamwamini.

Ndiyo, nikamwamini! Mtu akikupa adui uliyefundishwa kumchukia tangu shule ya msingi, humuulizi maswali. Nilirudi ukumbini namwangalia yule mzee kama funza kwenye nyama.

Lakini mgeni ni mgeni. Nikajaza pembe, nikampa.

Akanywa taratibu mpaka bomba likakoroma. Akanirudishia, akasema kwa sauti ya chini:

"Asante."

Meza nzima ikaduwaa.

Kwetu mtu harudishi pembe kwa asante. Unairudisha kimya, zamu yako itafika tena. Ukisema asante umemaliza. Umejitoa kwenye duara, usiletewe tena. Na huyu alikuwa amekunywa mara moja tu.

Derlis akaniinamia, anacheka puani.

"Masikini, hajui. Anadhani anaonyesha adabu. Mjazie."

Akaendelea kuuza watoto. Akasema kutakuwa na kikosi cha akina mama, wanatoka vichakani kuokota bunduki za wanao. Akasema mama akimkuta mwanawe amekufa, nguvu zake zinaongezeka.

Nikaweka jagi chini. Nikatoa simu. Nikampigia bibi, nikaiweka mezani katikati, sauti juu.

Derlis akakunja uso. "Unafanya nini?"

"Namwita mwenye sauti."

Simu ikaita, ikaita...

"Nani? Semeni haraka, nina kuku motoni."

"Bibi, ni Nimia. Niko kazini, tupo wengi, wote wanakusikia. Ile siku uliyolia, Derlis akarekodi. Ulimruhusu auze?"

"Auze nini?"

"Kilio chako. Wamekiweka kwenye mchezo. Mtoto wa Rosalía akifa, unalia wewe. Mchezaji akitaka kukusikia tena, anamuua tena."

Tukasikia kuku mmoja kwa mbali.

"Derlis yupo hapo?"

"Nipo, bibi," Derlis akajibu, kanywea kidogo. "Bibi, ni heshima. Dunia nzima itamjua Rosalía."

"Rosalía aliiomba dunia imjue lini? Wewe kijana nilikubariki kwa mkono huu huu. Nikaunawe?"



Ndipo Bwana Vilmar akaisogelea simu, akakunja mikono kifuani ingawa bibi hamwoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Na wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyekuja kununua. Natoka Brazil."

"Aa." Bibi akavuta ile pumzi yake. "Wazee wako walikuwepo pale?"

"Sijui, bibi. Inawezekana."

"Wewe mgeni unakiri, unasema inawezekana. Wa kwangu hapa ananiambia heshima. Ona maajabu."

Mzee akageuka kwa Derlis. Wala hakupandisha sauti.

"Hawa watoto ulinipendekezea mwaka jana, nikakataa. Ukanipendekezea tena, nikakataa. Ukaniandikia kwamba familia imetoa baraka na mjukuu mwenyewe ndiye kaandika maneno. Nikasema nije niangalie kwa macho yangu."



"Ulisema... ni yeye aliyetaka," nikamwambia Derlis.

Derlis akapiga meza. "Basi ni mimi! Mbororé nani ataizungumzia? Mitumbwi na mianzi? Watoto wanaoungua kila mtu atawazungumzia. Watalaani, watasambaza, watabishana wiki nzima. Wakilaani ndiyo wananunua. Hiyo ndiyo biashara, Nimia. Amka."

Alijua tutachukizwa. Karaha yetu ndiyo aliyokuwa anaiuza.

Bwana Vilmar akachukua kofia yake.

"Na niliposema asante, kijana, usidhani sikujua ninachosema. Kwetu kusini tunakunywa majani haya haya, sema kwa maji ya moto. Asante yetu na yenu ni moja. Nilishamaliza na wewe kabla bibi hajapokea simu."

Akaniinamia kichwa. Akatoka. Mkataba ukatoka naye.

Nikasema kwenye simu, "Bibi, nitakupigia."

"Hakikisha wamenitoa humo," akasema. "Sitaki kufa kila siku kwenye mashine ya mtu."

Nikamgeukia Perla. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Aliniambia umeridhia. Kasema ni zawadi yako kwa studio."

"Futa."

Derlis akasema, "Usiguse hiyo. Ni mali ya kampuni."

Perla akamtazama yeye. Akanitazama mimi. Akafuta pale mezani, akafuta kwenye mashine kubwa, akafuta nakala zote za akiba, mimi nimesimama nyuma yake naangalia moja moja inavyopotea. Alipomaliza akasema, bila hasira:

"Imetoka. Na kazi yangu imetoka nayo. Mwanangu ana miaka miwili, Nimia."



Pete niliivua, nikaitumbukiza kwenye ile pembe, katikati ya majani yaliyolowa, yaliyokwisha ladha. Nikamsogezea Derlis.

"Zamu yako."

Studio ilifungwa mwezi uliofuata. Watu wema walikosa kazi, watu ambao hawakumkosea bibi yangu chochote. Hilo nalibeba, na linanielemea.

Ila sasa wenzangu wa studio wamenianzishia vikao. Kwenye kundi letu la simu wananiandikia: Nimia, omba radhi tu. Sema lilikuwa jambo la wapenzi, mlikuwa mmegombana. Derlis ataupeleka mchezo kwa wanunuzi wengine, studio itafufuka, sote tutarudi.

Mama yangu mdogo naye kanipigia. "Mwanaume hajakupiga, hajakulalia nje. Kachukua sauti tu."

Kachukua sauti tu.

Wasomaji wangu, sikilizeni. Michezo ya vita naipenda, na nitaendelea kuiandika. Kuna vita elfu vya kuchagua. Lakini kabla hujachagua, piga hodi. Uliza kama ndani bado kuna mtu analia. Akiwepo, ondoka mlangoni, nenda kachague vingine. Na anayekuambia ni adui ndiye katuma, mwombe akuonyeshe huyo adui, mkae meza moja, umsikie kwa masikio yako.

Na nyinyi wa kundi la simu, najua mnasoma hapa. Perla nimemwomba msamaha kwa mkate uliotoka mezani kwake, ana kwa ana, kwake, na yaliyobaki ni yetu wawili.

Lakini kwa ile simu niliyoiweka katikati ya meza? Kwa kumwaibisha Derlis mbele ya mgeni? Kwa mkataba?

Siombi radhi.